Majibu ya Malezi: Huyu Kamfuata Nani?

Barua nne tulizochagua mwezi huu zinatoka pande tofauti, lakini zote zina swali ambalo bibi huliuliza akimtazama mjukuu wake: huyu kamfuata nani? Tumezifupisha na kuondoa majina ya wahusika. Ya pacha tumeyaacha, kwa kuwa Usukumani kila pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto.

"Nimewalea sawa, mbona wamekuwa tofauti?"

*Nina pacha wa kike wa miaka minne, Kulwa na Doto. Wanakula sahani moja, wanalala kitanda kimoja, nikimnunulia huyu gauni na yule ninamnunulia. Kulwa akiona mgeni anamkimbilia, shikamoo iko mdomoni. Doto anajificha nyuma ya khanga yangu. Tuliwaanzisha chekechea Januari. Kulwa alizoea siku ya pili, Doto analia kila asubuhi, na mwalimu anasema nimemdekeza. Wazee wamesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimekosea wapi?*
*Mama wa pacha, Kahama*

Mama Kulwa na Doto (tunayataja majina yote mawili makusudi, maana mitaani utaitwa Mama Kulwa tu na Doto atasahaulika hata kwenye jina lako), hujamdekeza. Methali uliyoitaja ni ya kweli, ila inasema habari za adabu: kusalimia, kusema kweli, kutochukua cha mwenzio. Hayo hufundishwa. Kasi ya mtoto kuzoea jambo jipya haifundishwi, anazaliwa nayo. Kiswahili kimeipa jina lake, hulka. Tunakuomba uyatenge maneno haya mawili, kwa sababu katika barua nyingi tunazopokea ndipo mambo yanapoharibikia: mzazi anaiadhibu hulka akidhani ni utovu wa adabu, au anaufumbia macho utovu wa adabu akisema ndiyo hulka yake.

Mwaka 1956 madaktari wawili wa magonjwa ya akili huko New York, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto tangu uchanga, na zaidi ya 130 kati yao wakafuatiliwa hadi ukubwani. Walitazama mambo tisa, yakiwemo wingi wa kujongea, utaratibu wa njaa na usingizi, kusogelea au kukimbia kitu kipya, wepesi wa kuzoea, ukubwa wa kilio na kicheko, na kung'ang'ania kazi hadi iishe. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi kulea, asilimia 10 wagumu, na asilimia 15 walikuwa wa aina ya Doto: wanaochelewa kuchangamka. Waliobaki hawakuingia kundi lolote. Jambo kubwa waliloliona ni kwamba hulka peke yake haikumharibu mtoto. Matatizo yalikuja pale hulka ilipogongana na yale ambayo wazazi na shule walimdai mtoto, siku baada ya siku.

Na kuhusu pacha: hata wale wa yai moja, ambao hata shangazi huwachanganya, alama za vidole vyao hazilingani. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya tafiti za pacha za miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14, ukakuta kwamba kwa wastani karibu nusu ya tofauti baina ya watu inatokana na urithi. Nusu nyingine si malezi ya nyumbani peke yake. Kuna homa aliyougua mmoja, rafiki aliyempata mmoja, namna kila mmoja anavyolipokea jambo lile lile. Unaposema umewalea sawa, ni sawa kwa upande wako wewe mtoaji. Sebule iliyojaa wageni kwa Kulwa ni karamu, kwa Doto ni mzigo wa kichwani.

Sasa chekechea. Mchukue Doto peke yake, bila Kulwa, mara mbili au tatu jioni wakati uwanja uko mtupu. Aone choo kilipo, aguse bembea, achague atakapokaa. Asubuhi mfikishe dakika 15 au 20 kabla ya wenzake. Mtoto wa namna hii akiingia darasa lenye watoto wanne akawaona wengine wakija mmoja mmoja, anaweza. Akiingia kelele zikiwa zimeshajaa, anaganda mlangoni. Mwombe mwalimu amkalishe na mtoto mmoja mtulivu, yule yule kwa wiki nzima.

Kuaga kuwe kufupi na kwa maneno yale yale kila siku: "Nitakuja baada ya uji na mchezo." Kisha ondoka. Usitoroke akiwa ameangalia pembeni. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa huruma, na ndiyo sababu kubwa ya kilio kutokwisha, kwa kuwa mtoto anajifunza kwamba akikugeuzia mgongo tu unapotea, hivyo kesho hakuachii hata vazi. Usirudi dirishani kuchungulia pia. Jipe wiki tatu hadi sita, na usihesabu machozi ya mlangoni. Muulize mwalimu anachukua dakika ngapi kunyamaza. Zikishuka kutoka 40 hadi 10, anazoea.

Shikamoo ni adabu, basi usiiache. Badili namna tu. Mgeni akifika, Doto asimame ubavuni kwako, umshike bega, na shikamoo ya sauti ndogo itoshe. Isipotoka, mwache akae, mjaribu tena baada ya dakika kumi mgeni akiwa ameshakunywa chai. Usimwambie mgeni "huyu ana aibu" mtoto akisikia. Mtoto wa miaka minne hulichukua neno hilo kama jina lake.

Kila mmoja apate robo saa yako peke yake kila siku, hata kama ni kuchota maji au kuokota mchele. Kulwa naye anahitaji hiyo robo saa, kwa sababu mchangamfu huachiwa kujitafutia mwenyewe.

Kuna hali zisizosubiri. Kama Doto anaongea vizuri nyumbani lakini shuleni hatoi neno hata moja, na hilo likaendelea zaidi ya mwezi baada ya ule mwezi wa kwanza wa kuzoea, au kama hata nyumbani haitikii jina lake, haonyeshi vitu kwa kidole, au alikuwa anaongea akaacha, mpeleke hospitali apimwe masikio kwanza, kisha maendeleo ya ukuaji. Hiyo si hulka.

"Tulimwita daktari tangu mdogo"

*Mimi ni tabibu kwa miaka 22. Binti yangu yuko kidato cha nne, na tangu darasa la tano nyumba nzima tunamwita "daktari". Sasa anasema anataka umeme. Anafungua pasi na redio za majirani na kuzitengeneza. Nimemwambia ajaze PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia) kwanza, umeme ataufikiria baadaye. Amekubali bila kubisha. Mke wangu anasema ule si ukubali, ni ukimya. Nani yuko sahihi?*
*Baba, Moshi*

Mkeo. Msichana anayewaeleza majirani kwa nini pasi yao haipati moto, halafu kwa baba yake anasema "sawa" tu, hajakubali. Amekata tamaa ya kusikilizwa.

Tuanze na jambo la kiufundi ambalo wazazi wengi wanalikosea. Umesema PCB kwanza, umeme baadaye. Hiyo "baadaye" haipo. Tahasusi hiyo, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, haina Hisabati ya juu; mwanafunzi husoma ile hisabati ndogo ya nyongeza. Shahada ya uhandisi wa umeme inadai ufaulu wa Fizikia na Hisabati ya juu. Kwa hiyo ukimwambia aanze na PCB unaufunga mlango anaoutaka, na unaufunga bila kumwambia. Ni kweli pia kwamba akichagua Fizikia, Kemia na Hisabati, mlango wa udaktari utafungika kwa kukosa Bayolojia. Hakuna tahasusi ya kuwaridhisha baba na binti kwa pamoja, na ni bora mlijue hilo wote wawili kabla ya kujaza.

Hesabu miaka. Udaktari baada ya kidato cha nne ni miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 5 ya chuo, na 1 ya mafunzo kwa vitendo hospitalini: jumla 8. Wewe unajua zamu za usiku zilivyo. Uhandisi wa umeme kwa njia ya kidato cha sita ni 2 na 4. Kuna njia ya pili: diploma ya miaka 3 moja kwa moja kutoka kidato cha nne, katika vyuo kama DIT cha Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, na mwenye diploma ya ufaulu mzuri anaweza kuendelea na shahada. Ya tatu ni VETA, vyuo vya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Wazazi wenye kisomo huidharau hii ya tatu, na wanakosea: fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anafanya kazi kihalali kwa jina lake mwenyewe.

Kabla ya kubishana, chukueni karatasi. Andikeni alama zake za Fizikia, Kemia, Bayolojia na Hisabati za mitihani minne iliyopita, pamoja na moko. Kama Hisabati iko chini ya 45, yaani hajafika C, na Bayolojia iko 70, hapo kuna mazungumzo ya kweli kuhusu umeme. Kama ni kinyume chake, mazungumzo ya kweli ni kuhusu wewe.

Mtihani wa taifa ukiisha Novemba, mpeleke wiki mbili kwa fundi unayemwamini, na uchague nyumba inayojengwa. Akachimbe kuta za kupitishia mabomba ya nyaya, abebe ngazi, apande darini saa saba mchana. Kisha wiki mbili akae nawe kazini kwako, pale utaratibu unaporuhusu. Watoto wengi wanaoipenda kazi wanaipenda kwa mbali, na wengine wanaichukia kwa mbali vilevile. Kwa sasa mpe masharti ya usalama: kila kifaa kichomolewe ukutani kabla ya kugusa bisibisi, na asifungue maikrowevu wala televisheni ya chogo hata kama imechomolewa, kwa kuwa ndani yake umeme unabaki umehifadhiwa na unaweza kuua.

Mazungumzo yenyewe msifanye mezani mbele ya wadogo zake. Tokeni mkatembee. Uliza swali moja, "Ni nini hasa kinachokuvuta kwenye umeme?", halafu unyamaze. Baba akijaza ukimya kwa ushauri baada ya sekunde tano, binti hurudi kwenye "sawa baba". Mwombe akuandikie ukurasa mmoja: chuo gani, masharti gani, miaka mingapi, ada kiasi gani, na atafanya nini akikosa nafasi. Akiuandika vizuri, umeme umemshika kweli. Akishindwa kuuandika, msaidie autafute mwezi mmoja zaidi, na usiutumie ukurasa mtupu kama ushindi wako.

Uchaguzi alioujaza kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, si wa mwisho. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi au chuo kwa muda maalumu, kwa hiyo mfuatilie tangazo mapema. Orodha yenyewe imepanuka tangu mwaka 2024, tahasusi sasa ni 65, msichague kwa kumbukumbu za enzi zako. (Wasomaji wa Kenya wenye watoto wanaoingia Gredi ya 10 wana mkondo wa kuchagua kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Karatasi ya alama na ukurasa mmoja vinafaa huko pia.)

Na mwacheni kumwita daktari. Kwa miaka sita hivi kila aliyeingia sebuleni amemkumbusha deni ambalo hakulikopa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake.

"Mtoto ana siri gani kwa mama yake?"

*Tunaishi vyumba viwili, Mbagala. Binti yangu wa miaka 13 analala sebuleni na wadogo zake wawili. Nilikuta daftari chini ya godoro nikalisoma. Hakuna mabaya, ila kaandika kwamba hapendi kupelekwa kwa shangazi kila Jumapili, na kwamba "mama hajui mimi ni nani". Amegundua nimesoma, leo siku ya sita hanisemeshi. Mtoto wa miaka 13 ana siri gani kwa mama yake?*
*Mama, Dar es Salaam*

Mama, anayo, na ni dalili njema. Katika umri huu mtoto anaanza kuchora mpaka: hapa naishia mimi, hapa unaanzia wewe. Asiye na kona hata moja ya kuchorea mpaka huo huuchora kwa kununa, kwa uongo, au kwa kuchelewa kurudi. Binti yako aliuchora kwa kalamu, njia ya upole kuliko zote, na ukauvuka.

Kwanza omba radhi, leo, mkiwa wawili. Sema hivi: "Nilisoma daftari lako bila ruhusa yako. Nilikosea. Sitalisoma tena." Kisha nyamaza. Neno "lakini" lisiingie, maana likiingia tu radhi imegeuka mashtaka. Usizungumzie aliyoyaandika, hata ya shangazi. Usimdai akujibu "nimekusamehe" hapo hapo. Atakapokuomba umpitishie chumvi, amejibu.

Pili, mpe mahali. Vyumba viwili vinatosha. Nunua sanduku dogo la bati na kufuli, umkabidhi funguo zote zilizokuja na kufuli hilo, usibaki na moja "kwa dharura". Ukibaki nayo sanduku si lake. Piga misumari miwili, funga kamba, tundika shuka au khanga mbili upande wa godoro lake, na kila jioni nusu saa awe nyuma ya pazia bila kuitwa wala kutumwa. Nyumba nzima ijifunze kupiga hodi penye pazia, wewe na wadogo zake pia. Hodi tunaipiga kwa jirani kila siku, na mtoto wetu anastahili hiyo hiyo.

Yasiyo siri yabaki wazi, na uyataje mapema kabla hayajatokea: anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi, na mtu mzima yeyote anayempa zawadi, fedha au vocha na kumwambia asiseme. Kama ana simu, mwambie siku ya kumpa kwamba mtaipitia pamoja, akiwa amekaa pale. Ukiona majeraha ya kujikata, ukimsikia akisema heri angekufa, au akiacha kula na kulala kwa wiki mbili, hapo unaingia bila kusubiri ruhusa, na unamwambia wazi unaingia kwa nini. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya, na mzazi pia anaruhusiwa kuipiga.

Usimwite umkalishe kitako ili akueleze "yeye ni nani". Hatoweza. Msuke nywele, chambueni mboga, pikeni chapati. Watoto wa umri huu husema wakiwa hawatazamwi usoni, mikono ikiwa na kazi. Kuhusu Jumapili kwa shangazi, subiri alitaje mwenyewe, na siku hiyo usijifanye hujui. Akilitaja, mpe nafasi ya kubaki nyumbani Jumapili moja kati ya nne.

"Ukoo wetu hauna shoto"

*Mjukuu wangu wa miaka sita ameanza darasa la kwanza na ana shoto. Mama yake anampiga kofi la mkono kila akishika penseli. Ukoo wetu hauna shoto, na sisi Waislamu tunakula kwa kulia. Nimzuie mama au nimwache?*
*Bibi, Pangani*

Bibi, shikamoo. Mzuie, tafadhali. Karibu mtu mmoja katika kila kumi ana shoto, na wengi wao wamezaliwa na wazazi wa kulia kama ninyi.

Kula, kupokea na kupeana mkono ni adabu, na mkono wa kulia unaweza kujifunza hayo kwa upole bila shida, kwa kuwa si kazi za ustadi mkubwa. Mkumbushe kwa neno, msogezee kijiko au tonge upande wa kulia, basi. Kuandika, kukata na kushona ni kazi za mkono wenye akili, na wake ni wa kushoto. Ukilazimishwa kubadilika, mwandiko unachelewa na mtoto anaanza kuichukia shule.

Kwenye dawati akae mwisho wa kushoto, viwiko visigongane na jirani. Daftari liwe kushoto kidogo mwa kifua chake, na lilazwe upande hadi kona ya juu ya kushoto iwe ndiyo ya juu kabisa. Watoto wengi wa shoto hukunja kifundo kama ndoano kwa sababu daftari limewekwa kama la wenzao wa kulia. Penseli aishike sentimita 3 au 4 kutoka ncha, aone anachoandika, na mkono upite chini ya mstari usifute maandishi. Penseli ngumu kidogo huchafua kidogo kuliko laini.

Mkasi wa kawaida ukishikwa kwa kushoto visu vyake huachana, na kitambaa kinakunjika badala ya kukatika. Atafutiwe wa shoto, au akatiwe na mwenzake mpaka upatikane. Wakati wa kufyeka uwanja wa shule asiwekwe katikati ya mstari, kwa sababu fyekeo lake linakuja kutoka upande mwingine. Mwambieni mwalimu hilo mapema.

Na kama kuna mdogo wake nyumbani: mtoto ambaye kabla ya kutimiza mwaka anatumia mkono mmoja tu na wa pili anauacha umekunja ngumi, huyo msimhesabu kuwa na shoto wala kulia. Mpelekeni kliniki waupime ule mkono anaouacha.